Notisi ya spidi imekuja kama imechelewa? Hesabu siku kabla ya kuweka PIN

Neno boda boda lilizaliwa hapa kwetu. Vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba abiria kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda pale Busia, wakiita "boda, boda!" mpaka jina likawakaa. Siku hizi ni pikipiki, na abiria akishuka hatafuti chenji. Anatoa simu, anaweka PIN, safari imeisha.

Faini za barabarani nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Zamani ulipanga foleni mahakamani na noti mkononi. Leo unaweza kulipa ukiwa umekaa kwenye kibanda cha chai Malaba ukingoja trela lako lisonge. Ni rahisi, na urahisi huo tunaupenda. Lakini una hatari yake: kwa sekunde kumi unaweza kulipa kitu ambacho ulikuwa na haki ya kukipinga.

Makala hii inahusu kitu kimoja kinachosumbua madereva na wenye magari: notisi ya mwendo kasi inayokuja siku nyingi baada ya tukio. Je, ulipe? Ukatae? Na simu yako inaweza kukusaidia vipi?

Barua iliyokuja kwenye sanduku la shule

Tuchukue mfano. Mama mmoja anafanya biashara ya omena. Anachukua mzigo Port Victoria, anauza Busia na Malaba. Ana Probox yake, logbook iko kwa jina lake. Hana sanduku la posta, kwa hivyo anatumia la shule ya msingi ya kijijini, kama wengi wetu tunavyofanya.

Jumatatu, tarehe 30, anapigiwa simu na shule: "Mama, kuna barua yako ya rejista hapa." Anafungua. Ni notisi kwamba Probox yake ilipita Webuye tarehe 3, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ikienda kilomita 68 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 50. Barua inasema anakusudiwa kushtakiwa.

Anapiga hesabu. Amezidisha kilomita 18. Chini ya kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kuzidisha kilomita 16 hadi 20 ni faini ya Sh10,000. Hiyo ndiyo pesa ya mzigo wa wiki. Akiitoa leo, kesho hana cha kupeleka sokoni.

Kijana wa kaka yake, ambaye humsaidia kuendesha, anamwambia, "Shangazi, lipa tu yaishe. Mambo ya trafiki utayaweza?"

Hapo ndipo tunasema: subiri kidogo. Usilipe, na pia usiitupe hiyo barua. Kwanza hesabu siku.

Sheria inazungumzia siku 14

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ina kinga ambayo madereva wengi hawajawahi kuisikia. Kwa makosa ya mwendo kasi, kuendesha kwa hatari na kuendesha bila uangalifu, mtu hatakiwi kupatikana na hatia isipokuwa moja kati ya mambo haya matatu limefanyika:

- Alionywa pale pale, wakati wa kosa, kwamba huenda akashtakiwa.
- Alipewa samansi ya mahakama ndani ya siku 14 tangu siku ya kosa.
- Ndani ya siku hizo 14, notisi ya kukusudia kumshtaki ilikabidhiwa au kutumwa kwa posta ya rejista, kwake au kwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Notisi hiyo lazima itaje ni kosa gani, saa ngapi na wapi.

Wanaofuatilia kesi za ajali wamezoea kusikia askari akisema mahakamani kwamba alimpa dereva "notisi ya kukusudia kushtaki". Ni karatasi hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Kinga hii tuliirithi kutoka kwa sheria za Uingereza, ambako mpaka leo ni siku hizo hizo 14. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote. Ukisimamishwa leo, unakumbuka ulikuwa wapi, ulibeba nani, na kama kulikuwa na kibao cha 50 au kilikuwa kimeng'olewa. Ukiulizwa baada ya mwezi na nusu, utakumbuka nini? Hasa wewe unayepita barabara hiyo hiyo mara nne kwa wiki.

Sasa turudi kwa mama wa omena. Kosa ni la tarehe 3, kwa hivyo siku 14 ziliisha tarehe 17. Barua yenyewe imeandikwa juu kabisa "tarehe 12". Mtu wa haraka angesema, basi iko ndani ya muda. Lakini muhuri wa posta kwenye bahasha ni wa tarehe 26. Barua iliandikwa mapema, ikalala kwenye meza, ikatumwa siku 23 baada ya tukio.

Bahasha ambayo alikuwa karibu kuwashia jiko ndiyo ushahidi wake mkubwa.

Pale watu wanapoteleza

Kabla hujashangilia, soma hapa polepole. Kinga ya siku 14 ina milango yake.

Kwanza, kinachohesabiwa kwa barua ya rejista ni siku iliyotumwa. Kama muhuri ungekuwa wa tarehe 15, na barua ikakaa shuleni wiki mbili kwa sababu shule zimefungwa, hilo lisingemsaidia. Sanduku la kuazima lina gharama yake.

Pili, sheria inachukulia kwamba notisi ilitumwa kwa wakati mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake, mzigo wa kuonyesha kwamba ilichelewa uko kwako. Kusema tu "mimi niliipata juzi" hakutoshi. Bahasha, muhuri, daftari la shule la kupokea barua za rejista, picha ya skrini yenye tarehe: hivyo ndivyo vitu vinavyozungumza.

Tatu, ukichelewesha wewe, usilaumu. Kama polisi walijitahidi na bado jina au anwani ya dereva au ya mwenye gari haikuweza kupatikana kwa wakati, au kama wewe mwenyewe ulichangia kuchelewa huko, mahakama inaweza kuendelea na kesi. Uliuza gari na hukubadilisha jina? Anwani kwenye rekodi ni ya miaka kumi iliyopita? Hapo uko kwenye hatari.

Nne, kama askari alikusimamisha siku ile na akakuambia utashtakiwa, onyo hilo la mdomo linatosha. Huwezi kurudi baadaye na hoja ya barua.

Tano, kinga hii si ya kila kosa. Bima iliyoisha, tairi kipara au abiria kupita kiasi haviko humo.

Kulipa ni kukubali

Kwa nini tunasisitiza usilipe haraka? Kwa sababu kulipa faini ya notisi ni sawa na kusema, "Ndiyo, nilifanya." Ukishakubali kosa, hoja ya siku 14 inakuwa ngumu sana kuifufua. Pesa yenyewe nayo haiwi kama muamala uliotuma kwa namba isiyo sahihi, ambao unaweza kupiga simu kuomba urudishwe. Sisi hatuwezi kurudisha faini uliyoilipa kwa hiari yako.

Upande wa pili, kupinga nako kuna uzito wake. Ukikataa faini ya papo hapo, jambo linaenda mahakamani, na huko hakimu hafungwi na ile Sh10,000. Sheria inaruhusu faini ya mwendo kasi isiyozidi Sh100,000. Kwa hivyo pinga kwa sababu una hoja na una ushahidi. Usipinge kwa sababu ya hasira.

Na ukiitwa mahakamani, nenda. Hata kama notisi ilichelewa miezi sita, anayeamua kwamba imechelewa ni hakimu. Ukikaa nyumbani, unaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na hapo tatizo la elfu kumi linageuka kuwa kulala seli Ijumaa mpaka Jumatatu.

Simu yako ni shahidi, lakini shahidi wa nani?

Mama wa omena akakumbuka kitu. Tarehe 3 alinunua mafuta ya taa na unga Bumala, akalipa kwa till. Akaomba taarifa ya miamala ya mwezi ule, ile tunayoiita stetimenti. Kweli, saa nne na dakika tano asubuhi alikuwa Bumala. Dakika kumi na tano baadaye hawezi kuwa Webuye, hata angeruka.

Alifurahi sana. Akamwonyesha yule kijana. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Shangazi, siku ile gari nilikuwa nalo mimi. Nilipeleka mteja Webuye."

Tunaomba ulitafakari hili, kwa sababu ni kosa ambalo watu wengi wanaweza kulifanya. Rekodi ya malipo inaonyesha simu yako ilifanya nini na saa ngapi. Haionyeshi gari lako lilikuwa wapi. Ukienda mbele ya hakimu ukasema stetimenti inathibitisha gari halikuwa Webuye, huku unajua lilikuwa, hiyo ni kumdanganya hakimu, na ni kosa kubwa kuliko kilomita 18 za ziada. Pia polisi wakimuuliza mwenye gari nani alikuwa akiendesha, sheria inamtaka awaambie.

Je, hoja yake imekufa? Hapana. Hoja ya siku 14 haisemi gari halikwenda kasi. Inasema tu kwamba serikali ina muda wake wa kumjulisha mtu, na muda huo ulipita. Mama anaweza kusema ukweli wote, kwamba gari ni langu, aliyeendesha ni huyu, na barua ilitumwa siku ya 23, na bado akawa na hoja nzuri kabisa.

Kuna wakati stetimenti ni ya thamani kubwa. Kama wewe ndiye dereva pekee na ulilipia mafuta ya gari hilo mahali pengine saa hiyo hiyo, una kitu cha kuanzia. Kama gari lilishauzwa na malipo yalipita kwenye simu, rekodi ile inaonyesha tarehe ya mauzo. Ndiyo maana tunashauri: ombi la stetimenti liweke mapema, ukiwa bado na tarehe kichwani, na uihifadhi mahali pengine mbali na simu. Simu huibiwa, hasa pale stendi.

Kama gari uliliuza

Mpakani magari hubadilisha mikono haraka. Leo Probox iko Busia, mwezi ujao iko Bungoma. Sheria inamchukulia mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Pia hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila jina la mwenye mpya kusajiliwa.

Kwa hivyo usikubali maneno ya "tutabadilisha logbook baadaye, usijali". Siku ya kupokea pesa ndiyo siku ya kuanzisha uhamisho kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Mnunuzi akubali mkiwa mmekaa pamoja. Usipofanya hivyo, faini zake zitakufuata wewe.

Ile SMS ya jioni

Jioni ile ile, mama wa omena alipata ujumbe: "Gari lako lina faini ya spidi. Lipa ndani ya saa 24 upate punguzo, la sivyo leseni itafungwa." Chini yake kulikuwa na linki.

Ujumbe huu na ile barua havihusiani hata kidogo. Matapeli hutuma maelfu ya SMS kama hizi wakijua kuna mtu atakayeshtuka kwa sababu siku hiyo hiyo ana wasiwasi wa faini. Si Kenya tu. Aprili 2024 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kuhusu SMS za uongo za ushuru wa barabara zilizotumiwa wananchi wa huko.

Zikague hivi:

- Faini ya kweli inataja namba ya gari, tarehe, saa, mahali na spidi. Ujumbe unaosema tu "una faini" ni wa kutilia shaka.
- Usifungue linki. Ingia mwenyewe kwenye eCitizen kwa kuandika anwani, kisha angalia akaunti yako.
- Malipo ya huduma za serikali ya kitaifa hupita eCitizen, paybill 222222, kwa namba ya akaunti inayotolewa na mfumo. Hayapiti kwa namba ya mtu binafsi ya 07 au 01.
- Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ukiona jina la mtu, simama.
- Hakuna afisa, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako. Hakuna.

Kama tayari umetuma pesa kwa tapeli, piga simu huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, halafu uripoti polisi upewe namba ya OB. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha huwa kazi ngumu.

Ukivuka upande wa pili

Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, kuvuka kumekuwa kwepesi. Lakini sheria ya trafiki haivuki na wewe. Siku 14 tulizozungumzia ni za sheria ya Kenya.

Juni 2025 Uganda ilianzisha faini za kamera, mfumo uitwao EPS Auto. Kuzidisha hadi kilomita 30 ilikuwa shilingi 200,000 za Uganda, na zaidi ya hapo 600,000. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kuhusu sehemu za kikomo cha kilomita 30, na wizara ikausimamisha mwezi huo huo ili uangaliwe upya. Somo kwa dereva wa Malaba ni kwamba mambo haya hubadilika. Faini ya Uganda hulipwa kwa namba ya malipo ya mamlaka ya mapato ya huko, ile PRN. Haitumwi kwenye simu ya mtu aliyekusimamisha njiani kuelekea Tororo. Kabla ya kulipa, pata namba hiyo, na ukishalipa weka risiti.

Fanya hivi, kwa mpangilio

1. Piga picha barua, bahasha na muhuri. Kama ni SMS, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na namba iliyotuma.
2. Andika tarehe mbili: ya kosa na ya kutumwa. Hesabu siku. Usitumie tarehe iliyochapwa juu ya barua.
3. Jiulize kwa ukweli: nilisimamishwa siku ile? Nani alikuwa na gari? Anwani yangu kwenye usajili ni sahihi?
4. Omba stetimenti ya mwezi wa tukio.
5. Andika barua fupi kwa ofisi iliyotoa notisi. Taja namba ya notisi, tarehe zote mbili, na uombe kuona picha au rekodi ya kifaa cha spidi. Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kujua ushahidi mapema na kupata muda wa kutosha kujitayarisha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.
6. Ukipata samansi, fika mahakamani na karatasi zako zote. Kama kuna wakili wa kukusikiliza, zungumza naye kabla ya kujibu mashtaka, kwa sababu hoja hii hutolewa kabla ya kukubali kosa.
7. Weka pesa ya faini kando kwenye akiba ya simu uliyoifunga. Usichukue mkopo wa simu kulipa kitu ambacho hujaamua kama utalipa. Riba haingoji hakimu.

Mama wetu wa omena alifuata hatua hizo. Aliandika barua yake, akataja kila kitu, pamoja na jina la aliyekuwa akiendesha. Akaipeleka kwa mkono, nakala ikagongwa muhuri. Sh10,000 hakuzipeleka popote. Aliweka 5,000 kando, na zile nyingine 5,000 akamwambia yule kijana azitafute, kwa sababu barua kuchelewa hakuondoi ukweli kwamba watoto wa shule huvuka barabara kwenye senta, na 50 iliwekwa kwa ajili yao.

Kijana akasema, "Sawa, Shangazi." Siku iliyofuata wakaenda Port Victoria kuchukua mzigo, na mtaji wao ulikuwa bado mkononi.

Unataka stetimenti ya mwezi fulani? Fungua menyu ya akaunti yako, chagua taarifa ya miamala, kisha weka tarehe. Ukikwama, wakala wetu aliye karibu nawe Busia au Malaba atakuonyesha. Akikuonyesha, PIN uiweke wewe mwenyewe.